CRP iliyopanda si lazima iwe maambukizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie kipimo cha damu kiitwacho CRP, ambacho majibu yake huwatia hofu ndugu wa wagonjwa wa kiharusi, na wakati mwingine humfanya mgonjwa aanzishiwe antibayotiki asizozihitaji.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapoumia au kushambuliwa. Sehemu ya ubongo ikifa kwa kukosa damu, kinga ya mwili huamka na protini hiyo huongezeka ndani ya saa chache, ikaendelea kupanda kwa siku mbili au tatu, hata kama mgonjwa hana kijidudu chochote. Ni kweli kwamba nimonia huwapata wagonjwa hawa mara kwa mara, hasa wanaoshindwa kumeza vizuri, kwa kuwa mate na chakula huingia katika njia ya hewa. Lakini nimonia hutambuliwa kwa homa, kikohozi, hali ya kifua na picha ya mapafu, na CRP huongeza tu uzito wa ushahidi huo, hususan inapozidi kupanda wakati ilipaswa kushuka. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015, PASS na STROKE-INF, hayakuona kwamba kuwapa wagonjwa wa kiharusi antibayotiki za kuzuia maambukizi kabla hayajatokea kunawaboreshea hali baada ya miezi mitatu.

Sisemi kipimo hiki hakina kazi. Mtu aliyevuka miaka 50, mwenye kiharusi pamoja na maumivu mapya ya kichwa, taya linalouma anapotafuna au macho yanayofifia, anapaswa kupimwa CRP na ESR (kipimo kingine cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) bila kuchelewa, kwa sababu huenda mishipa yake ya kichwani imevimba, na dawa za steroidi zikiwahi huokoa macho.

Wapo pia wanaopendekeza CRP itumike kuchagua wa kupewa kolchisini, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, ili kiharusi kisirudi. Wazo hilo lina mantiki, ila jaribio la CHANCE-3 lililofanyika China kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 waliokuwa na CRP ya miligramu 2 au zaidi kwa lita, na kuchapishwa mwaka 2024, halikuona faida ndani ya siku 90.

Ombi langu kwa madaktari ni kwamba wanapoagiza kipimo hiki wawaeleze ndugu wanatafuta nini, na katika saa za mwanzo wasikisubiri: kinachohitajika kabla ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni picha ya ubongo ya CT na kipimo cha sukari.

Msomaji wako