Notsi zisiishie kunakiliwa ubaoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanafunzi wa sekondari wa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na walimu wenzangu, kuhusu notsi. Wanafunzi wetu wanaandika sana. Kaunta buku zinajaa, mwandiko safi, vichwa vya mada vimepigiwa mstari mwekundu. Lakini mwulize mwenye daftari swali moja la ukurasa alioandika juzi, atababaika. Mkono ulinakili ubao. Akili haikuulizwa kitu.

Tatizo hili linapungua ukiugawa ukurasa kwa namna iliyoenezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Piga mstari wa wima sentimita 6 kutoka kushoto (kwa daftari dogo 4 zinatosha), na wa mlalo sentimita 5 kutoka chini. Kulia andika mwalimu anapofundisha, wazo moja kila mstari, kwa maneno machache. Kushoto usiguse darasani. Jioni hiyohiyo, wakati wa prepo, jaza upande huo maswali ambayo majibu yake yako kulia.

Kwenye maswali ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika "Vita vya Lugalo", na hicho ni kichwa cha mada tu. Swali lenye kazi ni: kwa nini jeshi la Mkwawa liliwashinda Wajerumani wa kamanda Zelewski tarehe 17 Agosti 1891? Kisha: kwa nini ushindi ule haukuzuia Kalenga, ngome ya Mkwawa, kutekwa mwaka 1894? "Kwa nini" na "vipi" hudai hoja, na hoja ndiyo inayotafutwa na msahihishaji.

Ile nafasi ya chini ni ya muhtasari wa sentensi mbili au tatu. Nashauri uandikwe kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, kwa kuwa mitihani ya masomo mengi hujibiwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiyeweza kueleza kwa Kiswahili hajaelewa somo, basi arudi kwa mwalimu. Anayeeleza vizuri kwa Kiswahili akakwama kwa Kiingereza amepungukiwa msamiati, naye anahitaji kamusi na mazoezi ya kuandika. Tukiyachanganya matatizo haya mawili, tunamrundikia mtoto notsi nyingine wakati alihitaji maneno kumi tu.

Kudurusu nako si kusoma tena. Funika upande wa kulia kwa karatasi, jibu kwa sauti au kwa kuandika, ndipo ufunue. Ulilokosa liwekee alama ya mkasi (X) na ulirudie kesho yake. Ukurasa mzima urudie siku inayofuata, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kila mara. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyejipima kumbukumbu yake na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, ndiyo maana marudio ya kwanza hayangoji wikiendi.

Kusoma tena na tena kunadanganya kwa sababu maneno yanazoeleka machoni. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapima wanafunzi: dakika tano baada ya kujifunza, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja, waliojipima bila kutazama maandishi ndio waliokuwa mbele. Notsi za kutoa kopi stesheneri mwezi wa kumi, mtihani wa kidato cha nne ukiwa Novemba, zinamwacha mwanafunzi palepale pa kusoma tu, na maswali hakuyatunga yeye.

Kwa walimu nina maombi mawili. Kipindi ni dakika 40. Tuache 5 za mwisho kila mwanafunzi atunge maswali mawili papo hapo. Na tunapokagua madaftari, tutie sahihi baada ya kusoma upande wa kushoto.

Mwalimu wa sekondari,
Mafinga, Iringa