Rangi ya kikombe haitoshi kuchagua chai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie chai nyeusi ya majani, isiyofungwa kwenye vifuko, kwa kuwa wengi wetu huichagua kwa rangi peke yake. Rangi hudanganya. Darjeeling, chai ya milimani India, ya mavuno ya kwanza yanayochumwa majira ya kuchipua, hutoa maji ya dhahabu hafifu yenye harufu ya maua, ilhali Assam, nayo ya India, hutoka nyekundu iliyokolea na ladha nzito ya kimea, hivyo anayezipima kwa kipimo kimoja huidhulumu mojawapo. Waonjaji wenye kazi yao hutumia gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, hungoja dakika 6, kisha huivuta chai kutoka kijikoni kwa kishindo ili harufu ipande puani (adabu ya mezani huwekwa kando kwa muda). Kwetu sisi wapenzi wa kawaida dakika 3 au 4 zatosha, mradi onjo la kwanza lisiwe na sukari wala maziwa. Majani makavu nayo yanuswe kabla ya kununuliwa: yasiyonukia yamekwisha kuchakaa.

Wako,
Mpenzi wa chai