Gemu ya kupanda mlima itupe nafasi ya kuuangalia huo mlima

Kwa Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma karibu kila siku na kurasa za michezo huwa zimejaa soka na riadha, sawa, sina ugomvi na hiyo, lakini leo naomba nafasi kidogo niongee kuhusu gemu za video juu kuna kitu kimenikera karibu mwezi mzima na sioni pengine pa kukisemea.

Nilinunua gemu moja ya kupanda mlima. Jina nitaliacha, kwanza hiyo shida nimeiona kwa gemu zaidi ya moja. Kwa macho hii gemu ni tamu, siwezi danganya. Asubuhi mwamba unatoka rangi ya majivu unakuwa kama chungwa lililoiva, kuna ndege wanaruka chini yako, sio juu, chini, na upepo ukivuma nyasi zilizoota kwa nyufa zinalala zote upande mmoja. Waliochora hiyo kazi waliketi wakaangalia mwamba vizuri. Mimi nimekulia Nakuru, Menengai, ule mlima wa volkano, naipanda tangu nikiwa shule ya msingi, najua vile mtu huhisi akifika ukingoni pale juu, mita 2,278, alafu lile shimo lote linafunguka mbele yake. Hakuna mtu hufika pale akageuka hapo hapo ateremke. Unasimama. Unaangalia mpaka macho yatosheke.

Sasa kwa hii gemu huwezi simama. Kitufe cha nyuma cha kushoto kwa padi, ile ya kuchezea unayoshika mkononi, ndio mkono wa kushoto, cha kulia ndio mkono wa kulia, unafinya kimoja ushikilie, unaachilia kingine usogeze ule mkono mwingine, na hapo nawapa maksi zote juu mpaka vidole vyangu vinaanza kuuma kama ni mimi niko kwa mwamba. Lakini kuna ile laini ya stamina pale kando ya skrini, inayoonyesha nguvu alizobakisha mtu wako. Ukipanda inapungua, hiyo naelewa. Ukitulia pia inapungua! Umeshika mwamba na mikono yote miwili, hausongi popote, unataka tu kuzungusha kamera uone umetoka wapi, na laini inakimbia kama maji kwa mtungi uliotoboka. Ikiisha vidole vinaachia na unaanguka.

Jioni moja nilifika mahali ambapo bonde lote linaonekana na jua linazama, nikaita mama, alikuwa jikoni anachambua mboga, nikamwambia mama njoo uone kitu, njoo haraka. Akaja na sinia yake mkononi. Ile kufika tu mlangoni, stamina ikaisha na huyo mtu wangu akaanguka. Mama akaangalia skrini, akaniuliza, "Kwani huyu hana miguu?"

Mhariri, hilo swali limekaa kwa kichwa changu mpaka leo. Mama ni wa Maragoli, amekulia kwenye vile vilima vya mawe, na anasema wakienda kuni walikuwa wanapanda majabali, mtu akichoka anatafuta pa kuweka mguu, anaegemea jiwe, anapumua, anaendelea. Mimi mwenyewe nilienda Hell's Gate kule Naivasha na marafiki, tukapanda Fischer's Tower na kamba, ule mnara wa mwamba ni kama mita 25 hivi, na kitu cha kwanza yule mwelekezi wetu alinifunza ni kwamba miguu ndio inabeba mwili. Mikono ni ya kushikilia tu. Ukitaka kupumzika nyoosha mkono kabisa, usiukunje, juu ukiukunja misuli inafanya kazi bure, alafu unauachilia mmoja unaukung'uta chini damu irudi. Nilifanya hivyo nikiwa katikati ya ule mwamba na nikaweza kugeuza kichwa nikaona swara chini wadogo kama mbuzi wa kuchorwa. Kwa hivyo ile ya kusema laini inaisha haraka ndio gemu ifanane na ukweli sio kweli, mwamba wa ukweli unakupa mahali pa kupumzika kama unajua kuutafuta, hii gemu ndio haikupi.

Kuna mengine. Kamera inakwama kwa jiwe unabaki unaona kisogo cha mtu wako tu. Na mahali pa kusevu pako mbali sana, stima ikipotea, na huku kwetu inapotea bila kuaga, dakika 40 zimeenda hivyo. Lakini hayo nayavumilia.

Sisemi gemu iwe rahisi, watu wakisikia malalamiko kama haya hukimbilia hapo. Angalia Zelda ya 2017, Breath of the Wild, mvua ikinyesha Link, yule mtu unayemcheza, anateleza kwa mwamba na wengi waliichukia hiyo, lakini angalau skrini inakuonyesha mapema kuwa mvua inakuja, na unaweza washa moto mahali pakavu ungoje. Inakuumiza lakini inakuambia. Na Celeste ya 2018, hiyo pia ni ya kupanda mlima na ni ngumu mpaka unataka kulia, wao waliweka sehemu ya msaada ndani, unaweza punguza kasi ama useme stamina isiishe, na anayetaka ugumu wake anaucheza vile ulivyo. Hakuna aliyeibiwa kitu hapo.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaotengeneza hizi gemu ni dogo sana. Mtu akiwa ametulia, mguu umepata pa kukanyaga, hiyo laini isimame. Basi. Kama hawataki kuigusa gemu yote waweke hiyo kwa setingi, mwenye kutaka aiwashe.

Na kwenu Mhariri, hebu tupatieni hata nusu ukurasa kwa wiki wa kuchambua gemu kwa Kiswahili. Vijana wanacheza Nakuru, Kisumu, Kakamega, mtu anaweka akiba miezi ndio anunue gemu moja, alafu anaichagua kwa picha za tangazo tu juu hakuna wa kumwambia ikiingia mkononi inashikaje. Mimi ningeambiwa mapema kuhusu hiyo stamina labda bado ningeinunua, ni nzuri hivyo, lakini ningejua.

Nimerudi pale pa bonde mara sita sasa. Mama bado hajaliona.

Mcheza gemu,
Free Area, Nakuru