Kabla mseme amerogwa, ndugu zake wapimwe moyo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme jambo moja ambalo kwa matanga zetu huku halisemwi. Kijana wa miaka 17 anaanguka uwanjani ama akikimbia kuwahi shule, mzima kabisa, asubuhi alikunywa chai na kucheka na watu, anakata roho hapo hapo, na kabla mwili ufike mochari watu washaamua. Ni jirani, ni mama wa kambo, ni maneno ya shamba. Halafu ukikaa na wazee ukauliza polepole unaambiwa hata baba yake mdogo alienda hivyo hivyo, na kuna shangazi aliangukia njiani akitoka sokoni. Hapo ndio mimi hushtuka. Kitu kikirudia kwa damu moja namna hiyo, mbona hakuna anayesema hawa waliobaki wapelekwe wapimwe moyo?

Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaorithiwa, madaktari wanauita haipatrofiki kadiomayopathi. Msitishwe na urefu wa jina. Misuli ya moyo inanenepa bila presha wala valvu mbovu kuwa sababu, sana sana ule ukuta wa katikati kati ya upande wa kushoto na wa kulia, kwa hivyo nafasi ya damu inapungua na kwa wengine hata njia ya kutokea inabanwa, na kibaya zaidi mapigo yanaweza kuvurugika ghafla moyo ukabaki unatetemeka tu, hausukumi chochote. Inakadiriwa mtu 1 kati ya 500 anao. Mzazi mmoja akiwa na hiyo jeni yenye kasoro, kila mtoto ana nafasi ya asilimia 50 ya kuichukua, awe msichana awe mvulana. Niseme pia ili mtu asilale na hofu, wengi wenye ugonjwa huu wanaishi mpaka wanazeeka, wengine hata hawajui wanao. Shida ni wale wachache ambao dalili ya kwanza inakuwa kifo chenyewe, na kati yao kuna vijana wadogo wakiwa katikati ya mazoezi.

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Kamerun. Tarehe 26 Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia kule Lyon, dakika ya 72, hakuna aliyemgusa, akaanguka katikati ya uwanja na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 28. Upasuaji wa maiti ulionyesha ni huu ugonjwa. Na huyo alikuwa mchezaji wa kulipwa wa Ulaya mwenye daktari wa timu, sembuse hawa wetu wa njumu za kuazimana.

Mimi nafunza vijana wa mtaa hapa Nyalenda. Mwaka juzi winga wetu alianguka akirudi kukaba, hakugongana na mtu, alikuwa anakimbia tu miguu ikamwacha, uso ukaenda kwa mchanga. Mikono ikarukaruka kidogo na mama wa mandazi pale kando akapiga kelele ni kifafa hicho, basi mmoja anatafuta kijiko amtie mdomoni, mwingine anakuja na mtungi wa maji, watu wamemzunguka hata hewa hapati. Akaamka mwenyewe kabla boda ifike, akauliza kama tumefungwa. Zahanati ya kwanza walimpa dawa za malaria, si unajua Kisumu kila kitu ni malaria. Jioni nikaenda kwao na mama yake katika kuongea akataja kwamba kakake mkubwa alikufa akiwa kidato cha pili, "alilala tu hakuamka." Nikamwambia mama, hii si malaria, kesho twende hospitali kubwa.

Wakampima isiji, zile waya za kifuani, inachukua dakika chache na haiumi, kisha eko, ile picha ya moyo kama ya mama mjamzito. Ukuta ulikuwa umenenepa. Sasa yuko kwa dawa ya kutuliza mwendo wa moyo, mpira wa kukimbizana ameacha, amekuwa mshika kibendera wetu na hakuna mkali kwa ofsaidi kama yeye. Lakini kilichonifungua macho ni daktari alivyouliza kuhusu familia yote. Baba, mama, ndugu, wote waje. Dada yake wa miaka 11 alionekana sawa na mama akafurahi akidhani yamekwisha, kumbe daktari anamwambia arudi kila mwaka ama baada ya miwili mpaka amalize kukua, kwa sababu kunenepa huko mara nyingi hujitokeza mtu akiwa kwa ujana. Hiyo wazazi wengi hawaijui, wanapima mara moja wanafunga faili.

Kuanguka ukiwa unakimbia si sawa na kuzimia paredi kwa sababu ya jua na njaa. Mtoto akizimia katikati ya mbio, ama akilalamika kifua kinabana, moyo unamdunda ovyo na pumzi zinamwisha kuliko wenzake, asipewe glukosi aambiwe arudi uwanjani. Pia wakimbiaji wetu wa Iten wasianze kuogopa, mazoezi makali nayo hukuza moyo kidogo na huo si ugonjwa, ndio maana vipimo visomwe na daktari wa moyo, si kila mtu mwenye koti jeupe.

Na mtu akianguka akawa hapumui, wachaneni na kijiko. Mmoja apige simu, mwingine aweke mikono miwili katikati ya kifua abonyeze kwa nguvu, kwa mtu mzima kama sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, asiache mpaka msaada ufike. Christian Eriksen wa Denmark alirudishwa hivyo, kwa mikono na mashine ya kushtua moyo, tarehe 12 Juni 2021 pale Copenhagen. Sisemi alikuwa na ugonjwa huu, nasema tu mwaka uliofuata alikuwa uwanjani tena akiwa na kifaa ndani ya kifua.

Sasa kwa wenyeviti wa kamati za matanga. Tunachanga za tenti, za gari la mwili, za ng'ombe, na kuna mahali bado wanachangia mpaka disko. Sidhani isiji ya ndugu watatu wanne inafika bei ya hiyo ng'ombe. Mkisoma bajeti wekeni na hiyo laini, na familia ikiulizwa kuhusu upasuaji wa maiti isikatae haraka, mwambieni daktari aangalie moyo vizuri. Hata wahudumu wa afya wa jamii, si wanapita nyumbani wakipima watu presha, waulize pia kama kuna aliyekufa ghafla kwa hiyo boma.

Kwa walimu wa michezo ombi langu ni dogo. Kwa ile fomu mtoto anapeleka nyumbani isainiwe, ongezeni maswali mawili: umewahi kuzimia ukikimbia, na je, kuna mtu kwenu alikufa ghafla kabla ya miaka 50? Mzazi akijibu ndiyo kwa mojawapo, mtoto apimwe kwanza ndio apewe jezi. Muhula ukifunguliwa fomu zitachapishwa tena, na maswali mawili yanaingia hata kwa ile nafasi iliyobaki chini ya muhuri.

Kocha wa vijana,
Nyalenda, Kisumu