Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: majina ya vijana wetu waliokufa vita vya Kagera yaandikwe Moshi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Uru. Nakuandikia kabla Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai haijafika, kwa ajili ya kijana mmoja wa kijiji chetu. Jina lake nitakupa mkononi ukinipa nafasi, kwa sababu ndugu zake wapo na ni wao wenye ruhusa ya kulitangaza.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Siku chache baadaye Mwalimu alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Huku kwetu vijana waliokuwa wakipalilia kahawa waliingia mgambo, wakapanda malori. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, na huyo kijana, rafiki yake tangu kuchunga mbuzi, alikuwa mwingine.

Baba mdogo hapendi kuisimulia vita. Mara moja tu, tulipokuwa tunamfunga kitambaa kwenye paja, alinisimulia Lukaya.

Lukaya iko Uganda, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na pale barabara inakatiza kinamasi cha mafunjo. Tarehe 10 Machi 1979 askari wa Amin, wakiwa na Walibya waliotumwa kuwasaidia, waliwashambulia vijana wetu. Wengi katika kikosi chake walikuwa mgambo wageni wa vita, na safu ikavunjika. Hilo analisema bila kuficha: watu walikimbia, hata yeye alikimbia, mpaka risasi ilipompata pajani akaanguka kwenye maji.

Rafiki yake alirudi kumfuata. Alimweka mgongoni akatembea naye kwenye mafunjo, maji yakiwafika kifuani, giza likiwa limeshaingia. Baba mdogo anakumbuka pumzi yake zaidi ya milio ya bunduki. Anakumbuka pia kwamba alikuwa amevua viatu, kwa sababu vilikuwa vinanasa kwenye tope. Akamfikisha penye ardhi kavu, akamfunga mguu kwa mkanda wake mwenyewe, akamwambia, "Kuna mwingine analia kule, nakuja." Akaingia tena kwenye mafunjo, peku.

Hakurudi. Kesho yake wenzetu walishinda pale Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili kushangilia.

Mkanda ule bado upo, Mheshimiwa. Umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ngozi imekauka na kupasuka, na hakuna mtoto wa nyumba ile anayethubutu kuugusa.

Mama wa kijana yule aliambiwa mwanawe kazikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, pamoja na mashujaa wengine wa vita ile. Nashukuru kwamba taifa linayatunza makaburi yale. Lakini Kaboya ni ng'ambo ya Ziwa Victoria, na mama alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja na migomba. Alitamani kufika mpaka alipofariki. Sisi Wachagga mtu wetu tunamzika kihambani, penye migomba yake, ili wa kwao wampite kila siku. Yeye hakuwa na pa kupita. Kila Siku ya Mashujaa aliwasha redio tangu asubuhi, akisubiri labda watataja jina.

Ombi langu ni hili. Pawekwe ukuta au jiwe hapa Moshi mjini, hata liwe dogo, liandikwe majina ya vijana wa mkoa huu waliokufa katika vita vya Kagera, kata kwa kata, mwanajeshi na mgambo bila kutengwa. Jeshi lina kumbukumbu zake, na wewe ndiye unayeweza kuziomba. Sisi wa vijijini tutakuja na tunayoyajua, na mchango wa mawe na mchanga tutautoa.

Na kabla ya jiwe, tuma mtu awasikilize wazee waliobaki. Mwaka huu pekee nimekwenda kuwazika wawili. Baba mdogo amekubali kusema tena, kwa ajili ya rafiki yake. Atakayekuja aje asubuhi. Ikifika mchana mguu unamuuma, naye hukaa kimya.

Wako mtiifu,
Mwana wa Uru, Moshi