Ukijani wa mitungi ya Japani ni majivu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyombo vya ibada vya Wabudha wa Japani ya kale imesomwa sana huku Ujiji, ila inasema mitungi ya Tokoname, mji wa wafinyanzi huko Japani, ilipakwa rangi ya kijani mabegani. Haikupakwa kitu. Ukijani ule ni majivu ya kuni, na kwa mfinyanzi tofauti hiyo si ndogo.

Katika karne ya 12 joko la Tokoname, sawa na la Atsumi jirani yake, lilikuwa pango refu lililochimbwa ubavuni mwa kilima: mdomo wa moto chini, tundu la moshi juu. Lililishwa kuni usiku na mchana, siku kadhaa, mpaka joto likapita nyuzi 1,200. Hewa inayovutwa kwenda juu hupeperusha majivu, yakatua mabegani mwa mtungi, yakashikana na udongo, yakayeyuka kuwa kioo na kuchuruzika. Ndiyo maana upande uliotazama moto una michirizi, na wa nyuma ni mkavu. Moto ukizembewa kabla ya joto hilo, majivu hubaki ukoko wa kijivu unaokwaruza mkono.

Kwa hiyo mtu asinyunyize majivu kwenye chungu cha kuchomwa uwanjani akitarajia kijani. Moto wa kuni na nyasi huishia nyuzi 700 hadi 900 hivi. Kuhamishia udongo mwekundu kwenye joko kali nako si dawa: mwingi wake una chuma tele, na ukikaribia nyuzi 1,200 huvimba, hulegea na kuketi kama ugali uliozidi maji.

Makala pia imeiita mitungi hiyo yote vyombo vya madhabahuni. Mingi ilikuwa ya kuzikwa. Wajapani wa wakati huo waliamini kuwa tangu mwaka 1052 dunia imeingia zama za kuchakaa kwa mafundisho ya Budha. Wakanakili sutra, yaani maandiko ya Kibudha, wakazikunja, wakazitia katika mkebe wa shaba wenye kifuniko, mkebe ukatiwa ndani ya mtungi, na vyote vikafukiwa kilimani vimngoje Budha ajaye, Maitreya. Adui alikuwa maji. Yakishapenya, karatasi huoza na shaba huliwa na kutu, lakini mtungi hudumu. Mitungi mingine ilitiwa mifupa ya marehemu waliochomwa. Ule wa Atsumi uliochorwa majani ya vuli kwa ncha kali, uliofukuliwa mjini Kawasaki mwaka 1942, ulikuwa wa kazi hiyo, na leo ni hazina ya taifa.

Vya madhabahuni hasa tafuteni Seto, mji mwingine wa ufinyanzi huko Japani. Wafinyanzi wa huko ndio waliopaka kwa makusudi, kwanza majivu yaliyokorogwa, baadaye na rangi ya chuma inayotoa hudhurungi na weusi, wakiiga vyombo vya China. Walitengeneza vyetezo, vyombo vya maua na chupa za mabega mapana. Seti ya vitu vitatu hupangwa hivi: chetezo katikati, kinara cha mshumaa kulia kwa anayetazama, maua kushoto.

Chetezo chao hujazwa kwanza majivu makavu yaliyochekechwa, ndipo kaa dogo likalazwa juu yake. Wenye haraka huku kwetu huweka kaa moja kwa moja juu ya udongo, na chetezo hakipasuki, kwa kuwa udongo uliochomwa kwa moto mdogo una vitundu na chembe kubwa, hivyo hustahimili joto la ghafla. Chombo cha Seto kimeshikamana kama jiwe, kaa likikigusa, kinaweza kulia "ta!" na kugawanyika. Kwa kazi ya kaa, cha Ujiji ndicho bora, na mwandishi wenu angeweza kulisema hilo pia.

Wafinyanzi,
Ujiji, Kigoma