Umati ulimzomea Adam Goodes, wakubwa wa mchezo wakasubiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Australia hulisikia likirudi karibu kila msimu wa kandanda ya Kiaustralia, na ambalo naona halijaelezwa vya kutosha kwa wasomaji wa Kiswahili. Ni kuzomewa kwa wachezaji Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii, na hasa yale aliyotendewa Adam Goodes mpaka akaacha mchezo mwaka 2015. Bado nakutana na watu, wakiwemo ndugu zetu waliohamia huku, wanaosema kwamba yale yalikuwa mazomeo ya kawaida ya uwanjani, kwamba shabiki ana haki ya kumzomea yeyote asiyempenda, na kwamba pasipotamkwa tusi la rangi hapana ubaguzi. Naamini hawasemi kweli, hata kama hawakusudii kudanganya, na naamini hoja hiyo ndiyo iliyowapa viongozi wa mchezo kisingizio cha kukaa kimya.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuutazama, mchezo huu si soka. Huchezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja mkubwa wenye umbo la yai, na ligi yake kuu, AFL, ndiyo inayojaza viwanja vya Melbourne, Adelaide na Perth. Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait hawafiki asilimia 4 ya wananchi wa Australia, lakini katika miaka ya Goodes walikuwa karibu mmoja katika kila wachezaji kumi wa ligi hiyo. Goodes mwenyewe ni wa jamii za Adnyamathanha na Narungga za Australia Kusini, na mama yake ni miongoni mwa watoto wa Kiaborijini waliochukuliwa na serikali kutoka kwa familia zao. Aliichezea Sydney Swans michezo 372, akatwaa ubingwa mwaka 2005 na 2012, na akapewa medali ya Brownlow, ambayo ndiyo heshima kubwa kabisa ya mchezaji mmoja mmoja, mara mbili, mwaka 2003 na 2006. Nayataja haya ili ieleweke kwamba aliyekuwa akizomewa hakuwa mchezaji wa pembeni.

Matusi haya yalianza kabla ya Goodes. Aprili 1993, katika uwanja wa Victoria Park jijini Melbourne, Mwaaborijini Nicky Winmar wa St Kilda alitukanwa mchezo mzima na mashabiki wa Collingwood. Timu yake iliposhinda aliinua jezi, akawageukia wale waliomtukana na kuinyooshea kidole ngozi yake. Picha ile inajulikana na kila Mwaustralia. Miaka miwili baadaye, katika mechi ya Siku ya Anzac, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi, Michael Long wa Essendon alikataa kumeza tusi alilotupiwa na mpinzani wake, na kutokana na msimamo wake AFL ilipitisha, mwaka huohuo wa 1995, kanuni ya kukataza matusi ya rangi, asili na dini. Ilikuwa hatua kubwa, na Long anastahili heshima kwa hilo. Lakini kanuni ile ilitazama jambo la namna moja tu: mtu mmoja anamtamkia mwenzake neno fulani, neno hilo linathibitishwa, kisha watu hao wawili wanakutanishwa wasuluhishwe. Sauti ya watu elfu arobaini isiyo na neno ndani yake haikuwamo katika kanuni hiyo, na hapo ndipo Goodes alipokosa kinga.

Mei 2013, katika mechi ya kufungua raundi ambayo ligi yenyewe huitenga kwa ajili ya kuwaenzi wachezaji wa asili, yaani Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, Goodes alisikia mtazamaji mmoja karibu na mstari akimwita sokwe. Alisimama, akamnyooshea kidole, walinzi wakamtoa nje. Baadaye ikajulikana kuwa alikuwa msichana wa miaka 13. Goodes, ambaye hakuwa ameujua umri wake, alijitokeza kesho yake na kuwaomba watu wasimshambulie msichana yule, kwa kuwa alikuwa mtoto aliyejifunza maneno hayo mahali fulani na alihitaji msaada; msichana huyo aliomba radhi, na Goodes akaipokea. Siku chache hazijapita, rais wa klabu ya Collingwood, Eddie McGuire, akasema redioni kwamba Goodes angeweza kutumiwa kulitangaza onyesho la King Kong, yule sokwe mkubwa wa sinema. Aliomba radhi naye, na akaendelea kukikalia kiti chake. Ninaomba msomaji alipime hilo: mtoto alitolewa uwanjani mbele ya kamera, na mkubwa akabaki ofisini.

Januari 2014 Goodes aliteuliwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, na alikitumia cheo hicho kusema waziwazi juu ya ubaguzi na juu ya namna ambavyo kwa watu wake tarehe 26 Januari, ambayo taifa huiadhimisha kama sikukuu kukumbuka kufika kwa Waingereza, ni siku ya huzuni. Mazomeo yaliyokuwa yakisikika hapa na pale yakaongezeka. Mei 2015, katika raundi ileile ya kuwaenzi wachezaji wa asili, alifunga goli dhidi ya Carlton, akacheza ngoma ya vita mbele ya mashabiki wa timu hiyo na kumaliza kwa ishara ya kurusha mkuki. Ngoma hiyo alikuwa ameifahamu kutoka kwa vijana wa timu ya Waaborijini walio chini ya miaka 16. Watazamaji wa nchi hii husimama kwa heshima wanapoitazama haka, ngoma ya vita ya Wamaori, ikichezwa na timu ya raga ya New Zealand, lakini safari hii magazeti na redio zilijaa watu waliosema wametishwa na mkuki ambao haukuwepo. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tangu siku ile kila alipougusa mpira ugenini alizomewa, na tarehe 26 Julai mjini Perth mazomeo yalikuwa makali kiasi kwamba mwenzake, Lewis Jetta, alipofunga goli aliwageukia watazamaji akacheza ngoma ya vita ili Goodes asionekane yuko peke yake. Baada ya mechi hiyo Goodes aliomba kupumzika.

Sasa niingie katika utetezi wa wazomeaji, kwa sababu ndio unaonisumbua zaidi, na ndio ninaousikia hata leo.

Wanasema alizomewa kwa kujiangusha ili apewe adhabu huru. Goodes alianza kucheza katika ligi hii mwaka 1999. Kama namna yake ya kucheza ndiyo iliyokuwa ikiudhi, umati ulichukua zaidi ya miaka 14 kuudhika, na uliudhika katika miaka ileile ambayo alianza kusema. Wachezaji wengine waliolaumiwa kwa kujiangusha walizomewa kwa dakika chache, katika mechi ya watani, na watu wakasahau. Yeye alizomewa na mashabiki wa klabu zisizo na utani wowote na Sydney, katika miji tofauti, wiki baada ya wiki, hata alipokuwa anauokota mpira tu mbali na goli.

Wanasema pia alimdhalilisha mtoto. Hilo nimelijibu, ila niongeze kwamba wanaolisema hawajawahi kumtaja mtu mzima aliyefanya mzaha wa sokwe redioni kwa ukali wanaoutumia dhidi ya aliyetukanwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayowavuta watu wenye nia njema. Inasema hivi: katika ligi walikuwemo makumi ya wachezaji wengine Waaborijini, na hao hawakuzomewa, kwa hiyo suala haliwezi kuwa rangi. Nimeitafakari sana hoja hii, na naona inathibitisha kinyume cha inachotaka kuthibitisha. Wale wengine walishangiliwa maadamu walikuwa wanakimbia, wanaruka na kufunga. Goodes alishangiliwa pia kwa miaka mingi alipofanya hayo tu. Kilichobadilika ni kwamba alitumia heshima aliyopewa na taifa kuieleza historia ya taifa hilo kama watu wake walivyoipitia, kisha akaonyesha utamaduni wake uwanjani bila kuomba ruhusa. Mwaaborijini anayekubaliwa kwa sharti la kunyamaza bado hajakubaliwa, na adhabu inayompata anapolivunja sharti hilo ni adhabu ya kuwa Mwaaborijini anayesema. Mzungu aliyewahi kuwa Mwaustralia wa Mwaka akasema mambo yasiyopendwa hakuwahi kukimbizwa uwanjani na sauti za viwanja vizima.

Sidai kwamba kila mtu aliyefungua kinywa chake alikuwa na chuki moyoni. Wengi, bila shaka, walizomea kwa sababu aliyeketi karibu nao alizomea. Ila mtu aliye katikati ya uwanja haisikii nia ya mmoja mmoja. Anasikia sauti moja, na wale wenye chuki walijua vizuri kwamba katika sauti hiyo hawawezi kutambulikana. Aliyezomea kwa kufuata mkumbo aliwapa hao maficho, na baada ya Goodes kueleza namna anavyoumia, hakuna aliyeweza tena kusema hakujua.

Lawama kubwa kuliko zote naiweka kwa uongozi wa ligi. Wachezaji walisema mapema kuliko wakubwa wao: manahodha wa klabu zote 18 walitoa tamko la pamoja la kutaka mazomeo yakome, na baadhi ya klabu ziliamua kuvaa tena jezi za raundi ya wachezaji wa asili ili kumuunga mkono. Uongozi ulizungumza kwa tahadhari, ukahimiza heshima kwa jumla, ukalizungukazunguka jambo lenyewe bila kuliita ubaguzi mpaka mtu alipokuwa ameshaelemewa. Goodes alirudi kucheza Agosti, akamaliza msimu, akastaafu Septemba timu yake ilipotolewa, na akakataa kuzungushwa uwanjani siku ya fainali pamoja na wastaafu wengine. Radhi ya AFL na klabu zote 18 ilitolewa Juni 2019, wakati filamu ya kwanza kati ya mbili zilizotengenezwa juu ya mkasa huo ilipokuwa inaanza kuonyeshwa. Miaka minne! Mwaka 2021 Goodes alipotakiwa kuingizwa katika Jumba la Magwiji wa mchezo huo, alikataa. Nilisikia watu wakimwita mtu mwenye kinyongo. Mimi naona alikuwa na haki kamili ya kutowapa faraja hiyo.

Mtu akiniambia kwamba hayo yamepita, namkumbusha mchezaji Mwaaborijini Eddie Betts aliyerushiwa ndizi mjini Adelaide mwaka 2016. Namkumbusha ripoti ya mwaka 2021 iliyoikuta Collingwood na ubaguzi uliojengeka ndani ya mfumo wake, baada ya mchezaji wake wa zamani Héritier Lumumba, mwenye asili ya Brazili na Kongo, kusema kwa miaka mingi yale ambayo klabu haikutaka kuyasikia. McGuire aliipokea ripoti hiyo kwa kuiita siku ya fahari, na siku chache baadaye akajiuzulu. Namkumbusha pia Jamarra Ugle-Hagan, ambaye mwaka 2023 akiichezea Western Bulldogs, wiki moja baada ya kutukanwa na mtazamaji, alifunga goli na kuinua jezi akionyesha ngozi yake, miaka 30 baada ya Winmar.

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Aliir Aliir, anayeichezea Port Adelaide, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Watoto wetu wanajiunga na mchezo huu katika vitongoji vya Melbourne kwa wingi, na wanakuwa wageni katika nchi ya watu ambao bado wanazomewa katika ardhi yao. Mzazi wa Kiafrika anayesema ule ni ugomvi wa Waaborijini na Wazungu anajidanganya, maana ukimya anaotakiwa Mwaaborijini ndio huohuo atakaotakiwa mwanawe.

Ninachopendekeza si kigumu. Viwanjani kuna namba ambayo mtazamaji anaweza kuitumia kuripoti mwenye tabia mbaya, na mtu huyo hufuatwa kwenye kiti chake. Ni utaratibu mzuri kwa tusi la mtu mmoja, lakini haufai kitu pale jukwaa zima linapozomea. Kwa hali hiyo AFL iwe na utaratibu ulioandikwa kabla ya msimu kuanza: mchezaji wa asili, au wa asili nyingine yoyote iliyowahi kutukanwa, akizomewa kila anapougusa mpira, rais na nahodha wa klabu ambayo mashabiki wake wanazomea watamke hadharani ndani ya wiki hiyo kwamba ni ubaguzi, na wakirudia, mwamuzi awe na mamlaka ya kusimamisha mchezo mpaka patulie. Mchezaji asilazimike kuwa wa kwanza kusema, wala kuwa shahidi wa maumivu yake mwenyewe mbele ya waandishi wa habari.

Na kwako Mhariri, ombi langu ni kwamba kurasa zako za michezo, ambazo huandika kwa bidii juu ya matusi wanayopata wachezaji weusi katika viwanja vya soka vya Ulaya, ziwatazame pia Waaborijini, na ziandike katika wiki ya kwanza ya mazomeo badala ya kungoja mchezaji astaafu.

Msomaji wako,
Melbourne, Australia